Robo ya Wimbi

Wifi yangu hakai. Mwekee kiti, atakizunguka mara tatu kisha akumbuke ameacha kitu nje. Kaka yangu alipomwoa nilimwambia, "Wewe umeoa cherehani," na kweli ni fundi cherehani. Mguu wake unakanyaga hata akiwa anakula. Lakini mimba ya pili ilipofika miezi saba alizidi. Kaka yuko safarini na lori, na huyu bibie anakuja zahanati mara tatu kwa siku. Kupimwa hataki. Anakuja kuitazama redio.

Pale zahanati mimi ndiye muuguzi, ndiye mkunga, ndiye mfagizi. Mtandao wa simu haufiki, kwa hiyo gari la wagonjwa tunaliita kwa redio kutoka hospitali, ng'ambo ya bonde. Upepo ulikuwa umevunja antena. Niliandika barua ofisini nikajibiwa nisubiri, nami nikasubiri, maana nimezoea. Yeye hakuweza. Mtoto wake wa kwanza ilibidi atolewe kwa upasuaji, gari likachelewa, na mtoto akafa. Daktari alimwambia wazi kwamba hata wa pili atazaliwa kwa kisu.

"Wifi, antena inatengenezwaje?"

"Mimi najua sindano. Waulize wenye mambo yao."

"Basi nitajifunza."

Nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nikashika ukuta.

Kila siku ya soko akawa anapanda mjini, tumbo mbele. Duka la vitabu walimpa kitabu kinene kama tofali. Ukurasa wa tatu tu, hesabu tupu. Kwenye duka la kompyuta akatazama video za watu wanaoongea mbiombio, meza zimejaa mashine. "Kila anayesema ni rahisi ana vifaa kumi nisivyo navyo!" alirudi akifoka, miguu imevimba.

"Wee! Utazalia barabarani," nikamwambia.

"Na nikizalia hapa, utaita gari kwa filimbi?"

Nikamletea beseni la maji aloweke miguu.

Safari ya nne alirudi na mchoro mmoja. Waya mbili, moja inatazama juu, nyingine chini, katikati kebo ya kwenda kwenye redio. Kila waya robo. Alifurahi kama mtoto, akakata robo mita huku na robo mita kule. Kwake yeye robo ni robo: mteja akisema "nikatie robo," unakata robo mita ya kitambaa, mchezo umekwisha. Tukazifunga kwenye mti mkavu, tukausimamisha barazani. Nikaita hospitali. Redio ikakoroma tu. Wifi akautupa mkasi chini na kulia kwa hasira, na mimi sikuwa na hamu ya kucheka tena.

Siku mbili baadaye Mzee Haloo akaja kuchukua vidonge vyake vya presha. Ni fundi mstaafu wa simu, mkali kuliko pilipili, na jina hilo tumempa kwa sababu hasalimii kwa neno lingine. Akatazama juu.

"Nani kakata hii?"

"Mimi, mzee."

"Robo ya nini?"

"Ya mita."

"Lahaula! Robo ya wimbi, mwanangu! Redio hii ina wimbi lake, na wimbi lina urefu wake. Hujakata gauni hapa."

Kesho yake akaleta kijitabu cha karatasi nane alichokuwa akifundishia vijana wapya kazini, Kiswahili kitupu, kimerudufiwa mpaka herufi zimefifia. Sentensi ya kwanza: Chukua waya, mkasi na subira. Ya pili: Kata ndefu, kisha punguza kidogo kidogo, kwani waya iliyofupishwa hairefuki. Mwishoni jedwali, na humo redio ya aina yetu: sentimita arobaini na nane kila upande.

"Mwezi mzima nahangaika, mzee, na kitu hiki kiko kabatini kwako?"

"Mbona hukuuliza?"

Wifi alikisoma chote amesimama. Akakata waya mpya na kuacha vidole vitatu vya ziada kila upande, tukazifunga juu mahali pa zile fupi. Walikubaliana na Mzee Haloo kuzipunguza Jumamosi.

Alhamisi asubuhi uchungu ukaanza, wiki tatu kabla ya siku. Nilimkuta barazani ameinama, ameshika ukingo wa benchi.

"Jaribu redio," akasema.

Nikaita. Kimya.

"Panda. Kata kidole kimoja juu, kimoja chini. Sawasawa, kama mikono ya shati."

"Wifi, mimi najua sindano tu..."

"Kata!"

Nikakata, nikashuka, nikaita. Mkoromo. Nikapanda tena, nikakata. Safari hii nilisikia sauti, ila kama ya mtu aliyefungwa ndani ya gunia. Wifi akasubiri maumivu yapite, akainua kidole kimoja. Nikakata mara ya tatu. Nikabonyeza.

"Hospitali hapa, nakusikia vizuri. Sema."

Basi nikashindwa kusema. Mimi, mdomo wote huu! Machozi yananitoka, nimeshika kipaza sauti kama mjinga. Wifi akaninyang'anya.

"Hapa zahanati ya bondeni. Mjamzito, alishapasuliwa, uchungu umeanza. Leteni gari sasa hivi."

"Sawa, muuguzi. Hali ya mgonjwa ikoje?"

"Muuguzi analia. Mgonjwa ni mimi."

Kisha, ng'ambo ya bonde, tukamsikia mtu akimwita dereva kwa sauti ya juu.