Mkia wa Wimbo

Kwenye kibanda chake sokoni Bunia, Agathe huwajazia watu nyimbo na filamu za densi kwenye simu na kadi za memori. Kazi yenyewe huifanya macho nusu yamefumba, kichwa kikiyumba, na mteja huuliza bei mara mbili ndipo mama arudi duniani. Sifa yake ni moja: kadi ndogo huingia nyimbo nyingi kwake kuliko kwa yeyote, maana hukata mikia. Wimbo ukifika kwenye sebene, pale magita yanapochachamaa na atalaku, mpiga mayowe wa bendi, akaanza kupaza majina ya watu, yeye chap! Majina ya watu hayachezeki, husema.

Si kweli, masikini. Anayakata kwa sababu ya jina moja.

Zamani, alipokuwa binti wa mtaa wa Mudzipela mwenye kiuno cha kusimamisha pikipiki, alipendwa na Baudouin, mchimba dhahabu mwenye haya nyingi hata kutamka posa kukamshinda. Bendi ya mtaani ilipokuwa inarekodi, Baudouin alimpelekea atalaku mbuzi ili atupe libanga, yaani jina la mpenzi wake lipazwe wimboni, dunia nzima isikie. Siku wimbo ulipotolewa, mchana kweupe, baa imejaa, Agathe alivaa kitenge kipya. Sebene ikapamba moto. Atalaku akapaza: "Bernadetteee!"

Shoga zake wote wakamgeukia. Agathe hakungoja neno la pili. Alitoka, na tangu hapo akampa Baudouin kisogo. Kila alipokuja kujieleza alikuta mlango umefungwa, na shoga aliyethubutu kuutaja wimbo ule alifukuzwa. Mwishowe mwanaume akaenda zake Ariwara, akaoa huko.

Miaka kumi na minane imepita. Juzi alikuja Lydie, binti anayetengeneza filamu za densi za barabarani, vumbi jekundu limempanda hadi magotini. Alitaka wimbo huohuo.

"Mama Agathe, unipatie yote, mpaka mwisho. Siye tunachezaka mu sebene. Muziki bila sebene iko bugali bila mboga."

"Ile mwisho yake iko mubaya."

"Basi tuisikilize pamoja."

Agathe akachimbua CD ya zamani chini ya sanduku, akaitia kwenye kompyuta. Magita yalipoanza akaelea nayo. Akaiona ile baa, kile kitenge, ujana wake mzima ukipita mbele yake taratibu. "Bernadetteee!" Moyo ukamchoma kama siku ile. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe, Lydie akaudaka. Atalaku akavuta pumzi, akaendelea:

"...mama ya Baudouin, kule Irumu! Mama, tayarisha nyumba, mukwe yako anakuya: Agathe ya Mudzipela!"

Hasira hasara. Agathe alilia waziwazi mbele ya wateja. Wimbo ule ameuweka katika simu za Bunia nzima, na katika kila simu jina lake amelikata kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili, watu wakitoka misa, vijana wa Lydie walicheza barabarani. Jina lilipofika wakafungua duara, na Agathe akaingia katikati, polepole, macho amefumba, kitenge kikifagia vumbi.

Filamu ikawa ndefu mno.

"Mama, tukate wapi?" Lydie akauliza.

"Ukate mwanzo," Agathe akasema.