Sabuni Yenye Ua

Juzi sokoni Babati nilinusa sabuni ya kienyeji, ile ya mafuta ya ng'ombe na majivu, na wivu wangu wa utotoni ukarudi mzima.

Miaka ile madukani hapakuwa na sabuni, tulifulia majani ya mpapai. Mama akajifunza kuipika uani kwetu, Nangara, kisha akamfundisha jirani. Ikafika Jumapili ya mavuno, siku ambayo sadaka za mazao na vitu hunadiwa nje ya kanisa. Mama alificha sabuni yake chini ya mahindi, maana sadaka haitangazwi. Jirani alipanga yake kwenye sinia, kila kipande amekichora ua.

"Ya nani hii nzuri?" mzee wa kanisa akauliza.

Jirani aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku mkono ameunyoosha juu. Watu wakapandishiana bei, na kesho yake walijaa mlangoni kwake. Ya mama iliuzwa pamoja na mahindi, haikutajwa.

Nilimkuta mama akikoroga sufuria ya sabuni.

"Mama, kwa nini husemi ni wewe uliyemfundisha?"

"Mungu anajua."

"Mungu hanunui sabuni."

Nilisubiri kofi, halikuja. Sabuni ilipoganda aliniagiza msumari, akaanza kuchora msalaba mdogo kwenye kila kipande, midomo ikicheza kama anayesali. Katikati ya kazi akasimama.

"Lile ua lake lilikuwa kubwa kiasi gani?"

Nikampimia kwa vidole. Akarudia kuchora vipande vyote, misalaba ikafika ukingoni.