Salamu za Loyce Mtandaoni

Loyce wa Heru Juu alimaliza chuo cha kompyuta, akasambaza maombi ya kazi Kasulu na Kibondo miaka miwili. Hakuna aliyemwita, hata kwa bahati mbaya. Asikae bure, akaanza kurekebisha programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzitengeneza.

Ujumbe wake wa kwanza kwa wenye programu uliwajulia hali wazazi wao na mashamba yao, ukasimulia ugonjwa wa mihogo ya mama yake, ndipo ukataja kasoro ya programu. Kumbe wenzake huandika mistari miwili tu! Aibu ilimshika.

Hatimaye aliitwa kwenye usaili Kibondo. Mwenyekiti alisoma barua ya mdhamini wake, mmoja wa wale wenye programu, mtu wa Nairobi ambaye hawajaonana naye hata siku moja: "Kazi anaijua. Tafadhali mniulizie, mihogo ya mama imepona?"

Machozi yakamlengalenga Loyce. "Mwambieni imepona. Na mama anamsalimu."