Nyuki wa Alasiri kwa Bi Saleha

Bi Saleha anapika halua hapa Tabora mjini, na mkono wake hauna mpinzani. Ulimi wake pia. Kila siku baada ya sala ya alasiri huisuuza sufuria kwa maji ya moto, kisha huyaacha maji yale matamu uani, nyuki wanywe. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba kitamu hakimwagwi. Nyuki nao wameishika saa. Asubuhi humwoni hata mmoja, lakini alasiri ikikaribia wanatanda ukutani kabla sufuria haijatoka jikoni.

Jirani yake Mhoja alipofiwa na mwanawe Zablon, Bi Saleha alifungua ua wake wanawake wakae matanga. Kwa heshima ya msiba hakupika halua. Nyuki hakuwakumbuka kabisa. Saa yao ilipofika walikuja, sufuria hawakuiona, wakavamia vikombe vya chai. Watu wakapunga khanga, na nyuki hapungiwi. Mhoja aliumwa uso mzima, macho yakafumba.

"Hawa wametumwa!" akalia. "Julieth, umemla mwanangu, sasa wanitaka na mimi?"

Julieth ndiye mjane. Sisi kwa kutafuta mchawi msibani hatujambo: jioni ile ile ukoo ukaamua arudi kwao Igalula, watoto wabaki.

Bi Saleha, mwenye jibu la kila mtu, alinyamaza. Aliogopa kusemwa kwamba sufuria yake ndiyo iliyovuruga msiba. Usiku ule alijichukia.

Kesho yake, alasiri ikikaribia, Julieth alikuja kuaga, mzigo mkononi.

"Shikamoo, Bi Saleha. Nisamehe kwa yaliyotokea hapa kwako."

Kabla Bi Saleha hajaitikia, walisikia mvumo. Nyuki walikuwa wamefika. Jiko lilikuwa baridi, sufuria imefunikwa ndani, na bado walizunguka pale pale pa kila siku.

Alimshika Julieth mkono, akamkimbilia Mhoja na kumvuta hadi uani.

"Mama Zablon, tazama. Hakuna aliyewatuma. Mimi ndiye niliyewazoesha, kila alasiri, na sufuria yangu."

Mhoja aliwatazama nyuki kwa jicho lililoanza kufunguka. Akautwaa mzigo wa mkwewe, akauweka chini. Kisha akamgeukia Bi Saleha.

"Jana nilipomwita mchawi ulikuwa umekaa ubavuni kwangu," alisema. "Ulikuwa unangoja nini?"