Kibuyu cha Mapichi ya Baba

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka dukani, hapa hapa mtaani kwetu Kikuyu, na kopo la mapichi. Alilifungua kwa kisu, kwa pupa, akanimiminia kwenye bakuli, kisha akasimama mbele yangu akingoja nimsifu. Nikaonja maji yake kwa ncha ya kijiko. Sukari tupu. Hakuna chumvi, hakuna moshi, hakuna hata chembe ya udongo wa paa. Nikamwambia ni matamu, maana kijana amenunua kwa jasho lake, lakini mapichi yenyewe sikuyagusa. Sijatia pichi mdomoni tangu nilipokuwa naota meno ya pili, na leo, mwenzangu, nitakuambia kwa nini. Ukiona nimepungukiwa akili, hutakuwa wa kwanza kuniona hivyo.

Tulikuwa Mlali, enzi za Mdachi. Nyumba yetu ilikuwa tembe la udongo, refu na la chini, na nyuma yake, upande wa kilima, paa lilikaribiana na ardhi hata mtu alipanda bila ngazi. Nasikitika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kukaa chini ya paa la udongo. Mtu akitembea juu unamsikia hatua kwa hatua, na pale anapokanyaga vumbi laini linadondoka kati ya fito, juu ya kichwa chako, juu ya unga, juu ya mboga. Ukimzoea, unamjua ni nani kabla hujamwona.

Miti yetu mitatu ya mapichi ilitokana na kokwa alizopewa bibi na mke wa mchungaji wa Kizungu kule misheni. Mama yule mapichi yake aliyachemsha kwa sukari na kuyafungia katika chupa za kioo zenye mpira mdomoni. Siku moja alimwonyesha bibi kabati lake, na bibi alirudi nyumbani amenuna. Alisema yale matunda yamezamishwa na yanamtazama mtu. Kwake yeye chakula cha kuwekwa kilikaushwa, kama mlenda, kama majani ya kunde, na mahali pa kukaushia palikuwa juu ya tembe.

Mapichi yaliiva wakati mbaya, pale mawingu ya kwanza yanapoanza kujikusanya, kwa hiyo kazi ilikwenda mbio. Tuliyachuma yangali magumu kidogo. Mimi niliyasugua kwa gunia mpaka manyoya yatoke, na manyoya hayo yaliniwasha shingo kutwa nzima. Mama alikata. Bibi alichovya vipande katika maji ya chumvi yetu, ile ya kuchuja udongo wa mbugani, visije vikawa vyeusi, kisha tukavipanga juu ya majamvi kule paani. Jua la utosi likifika, vyote hugeuzwa, kimoja kimoja, kwa mkono.

Mgeuzaji alikuwa baba. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, lakini kwa mapichi makavu alikuwa mtoto kuliko mimi. Aligeuza viwili, akala kimoja. Bibi, akiwa chini kwenye jiwe lake la kusagia, alimjua kwa jinsi hatua zilivyosita. "Wewe! Geuza, usile!" alipiga kelele, naye baba akacheka huko juu, na vumbi likatudondokea puani.

Vipande vilipokauka vizuri, bibi alivifukiza siku mbili juu ya meko, akavigawa katika vibuyu, kila mtu na chake. Mdomo wa kibuyu aliuziba kwa gunzi na nta, akaufunga kwa kamba yenye fundo alilolijua yeye peke yake. Na hapo alikuwa na sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea. Aliye safarini fungu lake hufungwa na kuning'inizwa, limngoje hata akikawia miaka. Aliyekufa hafungiwi kitu. Chake huwekwa kwenye kigae, nje ya kizingiti, aje achukue mwenyewe, maana mfu hahitaji kufungua fundo.

Mwaka ule vipande vikiwa bado juu ya moshi, akida wa Mdachi alikuja na askari. Wakawatazama wanaume mabega, kama watu wanaochagua punda, wakachukua sita wabebe mizigo ya Mdachi kuelekea magharibi. Baba alikuwa mmojawapo. Bibi aliwakimbilia na konzi ya mapichi ili ampe mwanawe ya njiani, askari akampiga mkono, yakamwagika. Aliyaokota yote mavumbini, akayapangusa kwa kaniki yake, akayatia katika kibuyu cha baba pamoja na mengine. Konzi nne nzima. Akafunga, akaning'iniza juu ya meko, akasema, "Atayakuta."

Mvua ikakataa. Uwele uliungua ukiwa wa magotini. Tulikula vibuyu vyetu mapema, tukabaki na mlenda mkavu, kisha mizizi, kisha maneno ya kupeana moyo. Kibuyu cha baba kilining'inia pale pale, na hakuna aliyekitaja. Kuiba chakula mwaka wa njaa, na tena fungu la aliye safarini, lilikuwa jambo la kufukuziwa.

Sasa, kibuyu kile kiliwahi kupasuka chini, kikashonwa kwa uzi na ufa ukazibwa kwa nta. Nililijua hilo. Mchana mmoja mama na bibi walipokwenda kuchimba mizizi, nilipanda juu ya kinu, nikabandua nta kwa ukucha, nikachomoa kipande kwa mwiba. Kilikuwa kigumu kama ngozi. Kwanza ikaja chumvi, halafu moshi, halafu polepole kile kiutamu kikafunguka mdomoni, nami nikalia huku natafuna. Niliona aibu na niliona raha, vyote pamoja. Nikarudisha nta, nikailainisha kwa mate.

Nilifanya hivyo siku kumi na mbili, kipande kimoja kila mchana. Nilivihesabu kwa sababu niliogopa. Siku ya kumi na tatu nilikichoma kipande kwa mwiba, nikakivuta, nacho kikavutwa kurudi ndani. Hakikukwama, maana najua kitu kilichokwama kinavyokuwa. Mtu alikuwa ameshika upande wa pili, akavuta kwa upole, kama unavyonyang'anyana kitu na mtoto usiyetaka kumuumiza. Niliziba ufa, na sikukisogelea tena kibuyu kile.

Miezi ikapita. Mapichi yakaiva tena, machache na madogo. Mama ndiye aliyeyageuza sasa. Mchana mmoja wenye jua la kupasua mawe tulikuwa ndani watatu, bibi anasaga, mama anapepeta, mimi nachambua mboga. Tukasikia hatua juu ya paa. Zilianzia upande wa kilima, zikaja taratibu, zikasita, zikaja tena. Vumbi likadondoka juu ya unga.

"Mbuzi huyo," mama akasema.

Mkono wa bibi ulikuwa umesimama juu ya jiwe. Mimi nilitoka mbio nikapanda paani. Hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na mtu, na kote kule chini mashamba yalikuwa meupe kwa joto bila hata ndege. Lakini vipande vyote vya pichi vilikuwa vimegeuzwa, na mama alikuwa bado hajavigusa.

Niliposhuka bibi alikuwa ameteremsha kibuyu cha baba. Alikipima mkononi. Akatazama fundo, zima. Akatazama gunzi na nta, vizima. Akakitikisa sikioni, nami nikasikia kimya chake. Alikata kamba kwa kisu, akakipindua juu ya ungo, na hakikudondoka hata kipande kimoja.

"Amekula," akasema. "Amekula bila kufungua."

Mama akaanza kulia, maana alielewa. Nami nilielewa, mwenzangu, ingawa nilikuwa mdogo. Ingetosha niseme, "Bibi, ni mimi, nilipitia chini." Lakini mimi nilikula kumi na viwili, na konzi nne zilikuwa zimekwisha, nami nikarudi kuchambua mboga. Msiba wenyewe haukuanza siku ile. Bibi alisema tungoje mwezi uandame, na ilikuwa zaidi ya nusu mwezi. Siku zote hizo nilikuwa na mdomo, na sikuutumia.

Mwezi ukaandama. Tukanyolewa. Kwa kuwa mwili haukuwepo, wakazika kigoda cha baba. Baadaye, kama ilivyokuwa desturi, mama akachukuliwa na baba mdogo, nyumba ya tatu kutoka yetu, na mimi nikabaki na bibi. Kila jioni bibi aliweka kigae nje ya kizingiti, na kipande cha pichi juu yake.

Mwaka ukazunguka. Mapichi yako paani, jua liko utosini, na hatua zikaja tena. Bibi hakuinua hata macho.

"Mwache ageuze," akasema. "Ni kazi yake."

Nilitoka. Safari hii alikuwepo mtu. Alichuchumaa katikati ya majamvi akigeuza vipande, mwembamba hata mifupa ya mgongo ilihesabika, na mgongo huo una makovu ya kiboko. Akageuka. "Mwanangu," akasema, "umekua." Nilipiga kelele zilizowatoa watu mashambani.

Alishuka, akaja mpaka mlangoni. "Mbukwa, mama," akaamkia.

Bibi alichota majivu mekoni, akayamwaga kwenye kizingiti kati yao. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Tumekulilia, mwanangu. Tumekuzika. Fungu lako umelila. Unataka nini tena kwetu?"

Majirani walimshika mikono, wakamfinya, mmoja akamkwaruza mpaka damu ikatoka, wakamwambia bibi huyu ni mzima. Bibi akasema ameiona damu, na majivu akayaacha pale pale. Baba akasimama pale akitazama uani, akamwona mama anakuja na kitoto cha baba mdogo mgongoni, akainamisha uso. Hakugombana na mtu. Alijenga kibanda chini ya miti yetu ya mapichi, na jioni alikuja kuchuchumaa nje ya kizingiti, akala ugali wake kwenye kigae, kama mfu. Watu walicheka mwanzoni. Halafu wakazoea, na kuzoea kwao kuliniuma zaidi.

Nilivumilia msimu mmoja. Wa pili nikamwendea bibi kwenye jiwe lake, nikapiga magoti. "Shikamoo bibi. Ni mimi niliyekula mapichi ya baba. Nilipitia kwenye ufa."

"Mangapi?"

"Vipande kumi na viwili."

"Nilitia konzi nne, mjukuu wangu. Vingine alikula nani?"

Hata hivyo nadhani neno langu lilimgusa, maana jioni ile alitoa kipande kikavu, kizuri, akakinyoosha juu ya kizingiti kwa mkono wake mwenyewe. "Wewe uliyekuwa huwezi kugeuza viwili bila kula kimoja," akamwambia, "kula, nikuone."

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Akakinusa. Kisha akamrudishia.

"Nimekwisha kula, mama," akasema.

Bibi hakumwita ndani. Lakini tangu jioni ile alibeba chakula chake yeye mwenyewe, akaketi upande wake wa kizingiti, baba upande wake, wakala wakitazamana. Wakawa hivyo miaka yote mpaka bibi alipokufa.

Siku tuliyomzika bibi, tukiwa tumekaa paani mimi na baba, nilimuuliza kwa nini alikataa lile pichi. Alijibu bila kunitazama. Huko magharibi alitoroka mizigo akiwa mgonjwa, hana chakula, akashika njia ya nyumbani. Akaanguka. Na kila siku jua likifika utosini, alisema, alijikuta ndani ya nyumba yetu, mbele ya kibuyu chake. Alikula kipande kimoja, akazinduka njiani, mdomo una chumvi na moshi, akapata nguvu ya kutembea mpaka kesho yake. Kipande kimoja, mwendo wa siku moja.

"Siku ya mwisho nikakikuta kitupu," akasema. "Nikapanda juu, nikageuza yale mabichi kwa mazoea tu, nikazinduka na njaa yangu. Siku ile sikuinuka. Wafugaji waliniokota, wakaniuguza mwaka mzima. Nilipopona nikatembea kutoka pale pale nilipoangukia. Ni mwendo wa siku kumi na mbili, mwanangu. Nilikuwa karibu hivyo."

Nilitazama mikono yangu. Sikumwambia. Nilikuwa nimemwambia bibi, na kwa baba nilishindwa, siku ile na siku zote zilizofuata, mpaka naye tukamzika mara ya pili, safari hii akiwemo.

Tembe lile limeanguka. Mama, baba mdogo, majirani waliomfinya baba, wote wamekwenda, na hapa Kikuyu tunalala chini ya mabati. Mabati hulia kwa joto mchana kutwa, pa, pa, pa, na huwezi kujua ni jua au ni mtu. Hayana vumbi la kukuambia.

Bakuli la mjukuu nililiweka nje ya kizingiti. Kabla ya hapo nilihesabu vipande, viko tisa, vimepungua vitatu. Nimempa kijana hela arudi dukani akalete kopo la pili.