Zabibu Zisizo na Masikio

Kreti ilifika kwa basi kutoka Dodoma, kama inavyofika kila mavuno, na nilipoifungua jikoni moyo wangu ukakataa. Zabibu zilikuwa nzuri kupita kiasi. Zilikuwa nyeupe, za punje kubwa, tamu hadi vidole vinanata, na hazikuwa na masikio.

Nieleze masikio. Kwetu, kichala cha kupeleka kiwandani hukatwa kwenye kikonyo, kinatupwa kwenye ndoo, basi. Lakini kichala cha kula nyumbani, marehemu baba alitufundisha kukikata pamoja na kipande cha tawi lenyewe, kiasi cha kidole upande huu na kiasi cha kidole upande ule, ili kifungwe kamba na kuning'inizwa chini ya paa. Kikining'inia hivyo kinakaa majuma bila kuoza. Vile vipande viwili vya tawi ndiyo masikio. Majirani walikuwa wakitucheka kwamba sisi hatuvuni zabibu, tunavuna mbuzi. Sijapata kuona nyumba nyingine inayokata hivyo.

Na zabibu zetu zilikuwa nyekundu, tena chachu. Baba alivuna mapema kwa sababu hakuwaamini ndege, hakuiamini mvua, na majirani nao hakuwaamini. Kiwandani hupima sukari kabla ya kutaja bei, kwa hiyo mara nyingi alirudi amenuna, lakini msimu uliofuata alivuna mapema vilevile. Tabia hiyo ya wasiwasi nimeirithi mimi peke yangu, na inaniletea mkate. Mimi ni karani wa kupokea mizigo katika ghala moja la barabara ya Pugu. Nalipwa ili nisimwamini dereva anayesema kila kitu kimo.

Baba alipofariki alizikwa palepale shambani, pembeni mwa safu ya mwisho ya mizabibu, na shamba likabaki mikononi mwa kaka yangu mkubwa. Mama nilimchukua nikaja naye kwangu Gongo la Mboto kwa sababu ya magoti yake. Kila mwaka anasema mwakani anarudi kwenye shamba lake. Kreti za misimu ya nyuma alizifungua yeye nikiwa kazini, nami nikirudi nilikuta punje nyekundu tu bakulini. Mizabibu ile aliipanda yeye na baba wakiwa maharusi, na akitaka kutaja umri wa mtu anasema huyu alizaliwa kabla ya kusimamishwa nguzo za mizabibu, huyu baada ya nguzo. Kwa hiyo nilipoziona zile zabibu sikufikiria utamu. Nilijiuliza kama shamba la mama bado lipo.

Nikampigia kaka simu.

"Shikamoo kaka. Mzigo umefika, ahsante."

"Marahaba. Mama kazipenda?"

"Kazila. Mbona nyeupe mwaka huu?"

"Nimeongeza safu chache za nyeupe. Soko linazitaka."

"Na masikio?"

"Masikio gani?"

Nilikuwa nimekaa, nikasimama. Mtoto wa mzee yule anaulizaje masikio gani? Akajishtukia, akacheka kicheko kikavu. "Aah, masikio! Vibarua wa siku hizi, mdogo wangu. Unawaelekeza leo, kesho wamesahau."

Kisha akanimwagia habari bila kuulizwa. Mvua zilichelewa, halafu zikaja kwa pupa. Ubwiri unga ulianza kuingia kwenye majani, yaani ule ukungu mweupe kama unga wa sembe, lakini aliwahi kupiga salfa. Kiangazi kilikuwa kizuri, mchana jua, usiku baridi, na sukari imepanda. Bei nayo imepanda kuliko msimu uliopita, hata wafanyabiashara wa Dar wanafuata mzigo hukohuko shambani. Alisema yote hayo bila kuvuta pumzi, kama msomaji wa bei za mazao redioni. Mtu mwenye shamba hulalamika. Kaka yangu hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Jumamosi nikaenda Buguruni sokoni. Nilizunguka hadi nikampata mama mmoja aliyepanga ndoo za zabibu juu ya meza, Mgogo mwenzangu kwa lafudhi.

"Za wapi hizi, dada?"

"Za Dodoma, sista. Onja, sukari tupu."

"Shamba la nani?"

Akanitazama juu hadi chini. "We unanunua zabibu au unanunua shamba?"

Nikanunua kilo mbili ili anivumilie. Nikamuuliza kama bado anapata nyekundu za zamani, zile chachu. Akasema ni za kutafuta kwa tochi. "Si ulee mwaka viwanda viligoma kununua, vikasema matangi yamejaa? Zabibu zikaozea mitini. Watu kibao waling'oa wakapanda alizeti. Sasa bei imerudi, wanalia. Hizi nyeupe ni za wale wenye uwezo, mashamba yenye nguzo za zege."

Mwaka ule naukumbuka. Kaka alitupigia akasema mzigo wote umenunuliwa, tusiwe na wasiwasi.

Nilipofika nyumbani nikamwandikia anitumie picha ya shamba, nikasingizia kwamba mama ameuliza. Picha ilikuja kesho yake jioni. Mizabibu ilikuwa mizuri, imenyooka kwenye nyaya, na nguzo zake zilikuwa za zege. Nguzo zetu ni za miti, baba alizikata porini mwenyewe. Nikaikuza ile picha hadi ikawa madoadoa, nikitafuta kaburi la baba pembeni. Sikuliona.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Usiku huo nilijiaminisha kwamba kaka ameuza shamba pamoja na mifupa ya baba ndani yake, na kila msimu anaingia sokoni kama mimi, ananunua kreti, anaipandisha basi ili mama asiulize. Nilimchukia. Nilimchukia hasa kwa zile nyeupe, kwamba hata kudanganya hakujisumbua kudanganya vizuri.

Nikamfuata mama ukumbini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anavifunga uzi vile vichala visivyo na masikio, kimoja kimoja, avining'inize kwenye waya. Vilikuwa vinateleza na kuanguka, naye anaviokota.

"Mama, nadhani kaka ameuza shamba."

"Ulikuwepo akiuza?"

"Sikuwepo, lakini…"

"Basi niletee sufuria, hizi zilizopasuka tutazila leo."

Nikamwambia nitapanda treni mwisho wa mwezi, niende nikaone kwa macho yangu, nirudi siku hiyohiyo. Mama hakuinua kichwa. "Ukienda kumkagua kaka yako kama mzigo wa ghalani, ukirudi usinisimulie. Mie sitaki."

Mama yangu ni mtu anayeuliza hadi jina la mbuzi wa jirani. Leo hataki kusimuliwa habari za shamba lake? Tangu hapo nikaanza kumshuku na yeye. Niliwaza kwamba labda wameliuza pamoja, na mimi ninayemlisha ndiye ninayefichwa. Nikawa nasikiliza anapoongea na kaka kwenye simu. Walikuwa wanaongea mambo ya mvua na ndege waharibifu, wala hawakutaja chochote nilichotaka kukisikia. Sikwenda Dodoma, lakini si kwa sababu niliridhika.

Badala yake hasira zangu zikaangukia mzabibu wa uani. Mama alipohamia kwangu alikuja na pingili moja kwenye pochi, kipande cha tawi kilichofungwa kitambaa kibichi, akaipanda chini ya tangi la maji. Ikashika. Ikapanda juu ya tangi, ikavuka ukuta, ikatambaa hadi kwenye geti. Kuzaa haizai. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, majani yanapiga unga, na vile vichala viwili vitatu vinavyojitokeza hunyauka kabla ya kuiva. Mimi nilikuwa nataka kujenga fremu ya duka hapo mbele, kila mtu mtaani kwetu ana fremu, na fundi alishakuja kupima. Alisema mti lazima uondoke na mizizi yake.

"Hautaondoka nikiwa hai," mama alisema.

"Mama, huu hata hauzai."

"Na wewe ulichelewa kuzaa. Nilikung'oa?"

Fundi akacheka, nikamwambia arudi baada ya mvua za vuli.

Vuli ilipokaribia kwisha, kaka akatokea getini bila taarifa. Amekonda, mvi zimeingia, ameshika begi dogo na dumu la mafuta ya kupikia. Tukaamkiana. Akamwinamia mama, akamsalimia kwa Kigogo, mbukwa, na mama akamshika kichwa kwa mikono miwili kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye dumu.

"Mafuta ya nini haya, kaka?"

"Alizeti."

"Umenunua?"

"Ya… ya hukohuko nyumbani."

Mama akatuita kwenye chakula kabla sijauliza tena. Tukala wali na mchicha, tukaongea habari za ndugu na misiba, na kila nilipotaja mavuno mama alimwongezea kaka mboga. Kaka alisema amekuja kusalimia tu, anaondoka kesho. Hakuna mtu anayesafiri kutoka Dodoma na mkasi kwenye begi kwa ajili ya kusalimia. Niliuona alipotoa taulo. Ulikuwa mkasi wa kupogolea wa baba, wenye mpini uliofungwa mpira mweusi wa tairi.

Asubuhi niliamshwa na wanajeshi wa kambi ya jirani wakipita na mchakamchaka wao. Nyimbo zilipotokomea nikasikia sauti nyingine, kitu kinakatwa, kinatulia, kinakatwa tena. Nikatoka na khanga kifuani. Kaka alikuwa amepanda juu ya ndoo chini ya tangi, anakata matawi ya mzabibu wa mama. Pembeni alikuwa na gunia lililoloweshwa maji, na ndani ya gunia pingili zimepangwa, zote zimeelekea upande mmoja.

"Kaka! Umeuza la Dodoma, sasa umefuata na huu?"

Hakushuka kwenye ndoo. Alibaki na mkasi mkononi, uso wake umekunjamana kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Sijauza," alisema. "Niling'oa."

Nikamwambia aseme tena.

"Niling'oa yote. Ule mwaka viwanda vilipokataa kununua. Nilikaa na zabibu za shamba zima zinaoza, nyuki na nzi hadi kwenye kaburi la mzee. Nikashika shoka. Nilikuwa na hasira, mdogo wangu, nikaona bora alizeti. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka mama." Akafuta uso kwa mkono wenye mkasi. "Sasa kila mtu anapanda tena. Miche ya kununua ipo, hiyo nyeupe, hiyo ya sijui wapi. Ya mzee haipo. Nimezunguka kijiji kizima, wote waling'oa. Umebaki huu hapa."

Umebaki huu hapa. Fundi wangu alikuwa anarudi Jumatatu.

Nilitaka kumtukana na sikupata tusi. Nikauliza swali la kazini kwangu, ndilo lililokuja: "Na ile picha?"

"Shamba la jirani."

"Na zabibu?"

"Za jirani."

Mlango wa nyuma ukalia. Mama alitoka kwa mwendo wake wa magoti, ameshikilia ukuta. Kaka akashuka kwenye ndoo. Mama alifika hadi kwenye gunia, akainama kwa shida, akatoa pingili moja, akaigeuza, akaipapasa macho yake kwa kidole gumba, yale macho ya kuchipulia.

"Hii umeikata fupi," akasema. "Udongo wa kule unakauka. Iwe ndefu, macho mawili yazame chini."

Kaka akaanza kulia. "Mama, nisamehe. Shamba…"

"Nimekula zabibu za watu misimu yote hii," mama alisema. "Unadhani ulimi wangu nao una magoti? Nilinyamaza maana ungeacha kupiga simu. Sasa chukua zangu, uniletee zangu."

Akamnyang'anya mkasi, akakata tawi moja kwa urefu anaoutaka yeye, akamwonyesha, akamrudishia.

Nikashika gunia lifunguke. Tulikata hadi mzabibu ukabaki fupa. Kabla ya kaka kupanda basi nilizihesabu pingili zote na kumwambia nimezihesabu.

Fremu sikujenga. Kila wiki nilimpigia simu kaka, na safari hii alilalamika, akalalamika hadi nikafurahi. Mchwa wamekula hizi, jua limekausha zile, bei ya salfa haikamatiki, nguzo za miti hazipatikani tena. Nilimdai picha zenye kaburi ndani yake, naye alizituma. Katika ya mwisho kulikuwa na safu tatu fupi, na fito badala ya nguzo. Hata hivyo sikumwamini sana.

Mavuno ya kwanza yalikuja ndani ya boksi la viatu, si kreti. Vilikuwa vichala vichache, vyekundu, punje zimebanana na nyingine bado za kijani. Niliviweka mezani, nikavigeuza kimoja kimoja kabla mama hajavigusa. Kila kimoja kilikuwa na masikio mawili.

Mama akang'oa punje moja, akaitia mdomoni. Uso wote ukamkunjamana, machozi yakamtoka.

"Chachu," akasema, na akanyoosha mkono kuchukua nyingine.