Spageti ya Silibwet

Niliondoka nyumbani kwa sababu mume wangu alikuwa ameacha kula na watu.

Anaitwa Kibet, ni fundi seremala hapa Kericho mjini, na zamani hakuna aliyemjua kama mtu wa kuogopa sahani. Halafu tumbo likaanza kumsumbua. Alikonda mpaka mashati yakamning'inia. Tulizunguka hospitali tukachoka, hadi daktari mmoja mwanamke alipompima damu na kutueleza kwamba mwili wake haukubali gluteni, ile protini iliyo ndani ya ngano na shayiri. Dawa yake, alisema, ni kutogusa ngano tena maisha yake yote. Chapati, mkate, mandazi, vyote kwaheri.

Chapati aliziacha bila kelele. Kilichomuuma ni spageti, na mimi ndiye niliyemzoesha. Kazi yangu ni kupika kwenye harusi na sherehe. Wazazi wangu walitoka Kisii, lakini nililelewa hapa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai ambako mama yangu alikuwa akichuma, na jikoni nimeshinda tangu usichana. Kuanzia Kapsoit hadi Litein, wenye harusi wakinipigia simu huuliza kwanza kama nitapika ile spageti yangu ya nyama ya kusaga. Jumapili tukitoka kanisani, Kibet alikuwa anakula sahani mbili na kuitazama ya tatu. Sasa alichukua viazi vyake vya kuchemsha akaenda kula peke yake kwenye karakana, katikati ya mbao. Tukialikwa mahali, alikuwa na kazi.

Nilijaribu. Nilinunua pakiti ya pasta ya ng'ambo iliyoandikwa kwamba haina gluteni. Nilipoichemsha, nje ilikuwa uji na ndani bado mbichi. Kibet aliimaliza yote. Aliila kwa adabu, kama mtu aliye kwa wakwe, akashukuru, kisha akaniambia, "Mama Faith, usijisumbue tena."

Neno hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu ambaye kaunti nzima inamwita apike, na nyumbani mume wake anamwonea huruma! Kwa hiyo mteja wangu mmoja aliponiambia kuna mama huko Silibwet, upande wa Bomet, anayetengeneza pasta bila ngano kwa sababu yeye mwenyewe ana ugonjwa huo huo, nilimpigia simu hapo hapo.

"Wewe kuja tu," alisema. "Uje na njaa."

Kericho, asubuhi ya Ijumaa. Niliondoka na pikapu yangu ya kubebea masufuria. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, na wachumaji walikuwa wameshaingia kazini na aproni zao za plastiki, vichwa tu vikionekana. Kibet alinifungulia lango. Sikumwambia naenda kutafuta nini, nilisema tu ni kazi upande wa Bomet. Sikutaka kuiona tena ile adabu.

Litein. Nilisimama nikanywa chai na kununua mayai, maana sikupenda kwenda kwa mtu mikono mitupu. Mwenye kibanda alinitambua. "Wewe si ndiye ulipika harusi ya mtoto wa chifu? Spageti ile watu bado wanaongea." Siku nyingine ningefurahi kutwa nzima. Siku hiyo nilicheka nikawasha gari haraka.

Kaplong, nikakata kuelekea Bomet. Hapa mashamba makubwa ya chai yanabaki nyuma, na unaanza kuona chai ya watu wadogo wadogo, vipande vya mahindi, ng'ombe wa maziwa wamefungwa kando ya ua. Anga ilikuwa safi. Nilikuwa nikijisemea njiani kwamba nikipata pasta nzuri nitanunua ya mwezi mzima, na jioni niko nyumbani.

Silibwet, kabla ya saa sita. Mama Chepkorir alikuwa akinisubiri barabarani, mwanamke mrefu, kitambaa kichwani na gambuti miguuni, sauti yake ikifika kabla yake.

"Chamgei!" aliita.

"Chamgei mising," niliitikia.

Alisimama. "Ai! Si ulisema wewe ni Mkisii?"

"Nimeolewa na Mkipsigis, mama. Nitasalimia kwa lugha gani?"

Alicheka akanishika mkono mpaka ndani. Alinipa mursik kwanza, maziwa yale ya kibuyu, halafu chai, halafu ndipo tukaongea. Aliugua miaka mingi, watu wakisema amerogwa. Alipojua ni ngano, alikuwa amebaki mifupa. Wimbi na mahindi alikuwa nayo shambani, lakini posho mill ya sokoni inasaga ngano ya kila mtu, na vumbi kidogo tu lilitosha kumlaza kitandani. Basi akauza ndama wawili akanunua kinu chake kidogo cha umeme, kimekaa kwenye chumba chake peke yake.

"Hii mashine haijawahi kuona ngano," aliniambia, akikipapasa kama mgongo wa ng'ombe. "Na haitaona nikiwa hai."

Kando yake kulikuwa na mashine ya mkono ya kusaga nyama, ile ya chuma inayofungwa kwenye meza. Fundi wa jua kali alikuwa ametoboa sahani yake vitundu vidogo, na unga uliokandwa ukisukumwa ndani unatokea upande wa pili ukiwa nyuzi. Nilivutiwa. Mimi nimepika spageti maisha yangu yote na sikuwahi kufikiria kwamba mtu wa Silibwet anaweza kuitengeneza kwa mashine ya nyama.

Alichemsha akaniwekea mezani. Rangi ilikuwa ya wimbi, kahawia, na harufu nzuri. Nilichukua mdomo wa kwanza, wa pili. Mama Chepkorir alisimama akinitazama.

"Sema ukweli," alisema. "Wageni wote wanasema ni tamu, na hakuna anayerudi kununua."

Nilifikiria kusema ni tamu. Halafu nikamkumbuka Kibet na asante yake. Huyu mama naye hakustahili adabu ya namna ile.

"Ladha iko," nikamwambia. "Lakini inavunjika mdomoni kama mchanga. Spageti lazima ivute kidogo. Ukiiuma, nayo ikuume."

Nilidhani nimeharibu safari. Alichukua sahani, akala mwenyewe, akatafuna polepole, akaiweka chini.

"Ni mchanga," alisema. "Najua ni mchanga. Mimi nimezoea tu." Kisha akavua sweta. "Sasa wewe ndiye mpishi wa harusi. Tufanye nini?"

Hapo ndipo safari yangu iligeuka. Nilikuwa nimekuja kununua, nikajikuta nimefunga leso kiunoni.

Tulianza kwa kufikiria ngano inafanya nini. Ngano inajishika yenyewe, ukiikanda inavutika. Mahindi na wimbi hazijishiki, ukiongeza maji baridi unapata kifusi. Mama Chepkorir alikuwa akitumia maji baridi. Nikamwuliza, "Ugali unashikana kwa nini?"

"Kwa sababu ya moto," alijibu, na kabla sijaendelea alikuwa ameshaweka sufuria.

Tulichukua sehemu ya unga wa mahindi meupe tukaupika kwenye maji yanayochemka mpaka ukawa ugali laini, kimnyet ya mgonjwa, kama alivyoiita. Tukaumwagia unga mkavu ukiwa bado moto, tukaanza kukanda huku tukipuliza vidole. Ilishikana! Tulipiga kelele kama wasichana. Lakini ilipochemshwa ikawa gundi, inanata kwenye meno na kwenye kaakaa.

"Hii ni ya kubandika bahasha," alisema Mama Chepkorir.

Nikasema tunahitaji mchele, maana mchele unakauka vizuri na hauna maneno mengi mdomoni. Tulikwenda sokoni kwa miguu, tukanunua, tukauchagua, tukausaga kwenye kinu chake. Tukaweka mchele zaidi, ugali kidogo, na yale mayai ya Litein ambayo nilikuwa nimeleta kama zawadi. Ilikuwa afadhali sana, ila nyuzi zilikatika zikitoka kwenye mashine. Tulibishana. Yeye alitaka yai lingine, mimi nilitaka maji. Tuliweka yai, haikusaidia. Tukaweka maji, ikawa mbaya zaidi. Mikono yangu ilikuwa inauma mpaka mabegani, na jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikaratusi. Kurudi Kericho siku hiyo hakukuwezekana.

"Ifunike," alisema mwishowe. "Tumechoka, na hata hii imechoka. Tuiache ilale."

Jumamosi, asubuhi. Nilipoamka, Mama Chepkorir alikuwa ameshakamua na alikuwa amesimama jikoni ameshika donge letu, akilibonyeza kwa kidole gumba. Lilikuwa limelainika lote, limekuwa kitu kimoja, na alipolibonyeza lilirudi juu taratibu.

"Ona," aliniambia kwa sauti ndogo, yeye ambaye hajui sauti ndogo.

Nilizungusha mkono wa mashine, yeye akapokea. Nyuzi zilitoka ndefu, zikafika mpaka chini ya meza bila kukatika hata moja. Tulizitundika juu ya fimbo chumbani zikakaushwa na upepo wa dirishani. Nyingine tukazichemsha papo hapo, maji mengi, chumvi ya kutosha. Niliweka mafuta na kitunguu saumu tu, ili nisidanganywe na mchuzi.

Tulikula tukiwa tumesimama. Ilivuta. Ukiiuma, nayo inakuuma kidogo. Mama Chepkorir alifunga macho. Yeye alikuwa amekaa miaka bila kuonja kitu kama hicho, na machozi yalishuka hata hakujishughulisha kuyafuta.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Mama Faith, hii tumetengeneza sisi. Hakuna mtu ametuletea."

Njia ya kurudi, jioni. Mvua ilinikuta nikikaribia Kapkatet. Dirisha la pikapu upande wa abiria halifungi vizuri, na pasta yangu ilikuwa kwenye boksi pale kitini. Nilisimama kando ya barabara, nikavua sweta nikalifunika, nikaweka na leso juu, nikaendesha mpaka Kericho nikitetemeka kwa baridi. Magari yaliyonipita yalidhani nimebeba mtoto.

Kericho, Jumapili. Baada ya kanisa nilimwambia Kibet chakula kiko mezani, akae. Alikaa kwa sababu mimi ni mke wake. Nilikuwa nimepika kama ninavyopikia maharusi: nyama ya kusaga, nyanya, karoti iliyokunwa, dania. Sufuria ilikuwa mpya, na mwiko mpya.

Alizungusha uma, akaweka mdomoni, akatafuna. Kisha akasimamisha taya. Alitoa kile kilichokuwa mdomoni, akakiweka kando ya sahani kwa heshima, akaisukuma sahani mbele.

"Umekosea pakiti," alisema. Uso ulikuwa umebadilika kwa hofu. "Hii ni ya ngano."

"Si ya ngano."

"Mimi ninaijua spageti yako, mama. Hii ni ile ile. Niletee maji nisukutue."

Sijawahi kusifiwa namna hiyo katika harusi yoyote. Nilicheka mpaka nikashika meza, naye akazidi kuogopa. Ilibidi nimpigie simu Mama Chepkorir na kumpa Kibet aongee naye. Wakaongea Kikipsigis kwa haraka, mama yule akifoka kwa furaha mpaka mimi niliyekaa upande wa pili wa meza nilimsikia, akimweleza juu ya mahindi, mchele, mayai na kile kinu ambacho hakijawahi kuona ngano. Kibet alikuwa akisikiliza huku akinitazama mimi, siyo simu.

"Kongoi," alishukuru mwishowe. "Kongoi mising." Akakata simu. Akaivuta sahani.

Alikula ya kwanza bila kuongea. Ya pili akaanza kunihadithia habari za wateja wake, kabati la nani limechelewa, nani amekataa rangi. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu mtu huongea akila. Nilipoondoa vyombo alikuwa anauliza kama wiki ijayo tunaweza kuwaita ndugu zake waje kula.

Walikuja. Siku hizi Mama Chepkorir ananiletea boksi kila akija Kericho, na kwenye harusi zangu kuna sufuria moja kando, yenye mwiko wake, kwa yeyote ambaye ngano haimpendi. Huwa hawajitokezi mara moja. Wanauliza kwa sauti ya chini, kama wanaoomba msamaha, nami nawapakulia sahani iliyojaa.

Nilikwenda Silibwet nikidhani chakula kizuri ni kitu ambacho mtu fulani, mahali fulani, ameshakitengeneza, na kazi yangu ni kukipata tu. Sasa najua kwamba kile nilichokuwa nikitafuta hakikuwa dukani popote. Kilihitaji mama mmoja akubali kuambiwa chakula chake ni mchanga, na mwingine awe na ujasiri wa kumwambia, halafu wote wawili wakande na kusubiri mpaka asubuhi ya pili. Kibet amenenepa. Mashati yake nimelazimika kuyatoa vifungo na kuvisogeza.